Chumba cha Zabibu Zinazonyauka

Plano, Texas
Februari

Kwako Dada Chelang'at,

Pokea salamu nyingi kutoka huku, ambako baridi imepungua na watu wameanza kuacha makoti ndani ya magari. Hamjambo nyote? Magoti ya Baba yanaendeleaje, na mvua imefika Litein? Mimi ni mzima, na kanisani bado naimba sauti ya pili. Najua umesubiri neno langu tangu Mama azikwe. Nivumilie, nina habari ya ajabu kidogo.

Mgonjwa ninayemhudumia nyumbani kwake siku hizi ni Bibi Loredana, mjane Mwitaliano anayetembea kwa kuegemea fremu ya chuma. Kwao ni vilima vya karibu na Verona, ambako hutengeneza mvinyo mwekundu, mzito, uitwao Amarone. Alinieleza kwamba zabibu zake hazikamuliwi mbichi. Huvunwa, zikatandazwa darini mpaka zinyauke na kujikunja, na katikati ya baridi ndipo hukamuliwa. Nilimwuliza kwa nini mtu aache maji yote yaende zake, halafu ndipo atafute kinywaji. Alicheka, akasema nitaona mwenyewe.

Septemba mwanawe, Elio, alileta zabibu kutoka shamba moja upande wa Lubbock. Tulizitandaza kwenye kreti za mbao katika chumba cha wageni, feni ikizunguka mchana kutwa. Hapo Bibi akanipa kazi isiyokuwa kwenye mkataba. Alisema pua yake ilikufa alipougua, kwa hiyo hawezi kujua ukungu ukiingia. Kila nikifika niingie chumbani, ninuse, kisha nimwambie.

Dada, ningemwambia nini mimi, ambaye hata meza ya Bwana kwetu ni juisi? Siku ya kwanza nilisema kunanukia vizuri. Akasema hilo si jibu. Vizuri kama nini? Kesho yake nikasema kunanukia kama majani ya chai yakinyaushwa kiwandani. Akataka kujua kiwanda hicho kikoje na nani alinipeleka. Nikamwambia ni Mama, siku alizokuwa anapeleka majani. Baadaye harufu ilipogeuka, nikasema ni kama kibuyu cha maziwa ya mursik kikishasuguliwa masizi. Akauliza masizi ya mti gani, na nani alikuwa akisugua. Basi nikaeleza jinsi Mama alivyochoma kijiti cha senetwet, akafumba jicho moja kukwepa moshi. Nikaeleza hata sweta lake la kuchumia chai. Tulizungumza huku tukitupa zabibu zilizooza, na kuna siku niliendelea kuzungumza peke yangu kwenye gari mpaka nyumbani.

Mimi pia nilikuwa na maswali. Zabibu zilikuwa tamu kushinda asali, sasa mbona jina la mvinyo wenyewe maana yake ni mchungu sana? Alisema hamira huila sukari mpaka isibaki. Akaongeza kwamba wetu hauruhusiwi kuitwa jina hilo kwa kuwa umetengenezwa Texas, basi tukauita wa chumbani. Januari Elio alikuja tukazikamua. Maji yalikuwa machache, meusi kama wino, na pipa likawa linatokota polepole kama mtu anayenong'ona. Bado sijaonja. Mvinyo huo utakaa miaka kabla ya kunyweka.

Sasa sikiliza. Juma lililopita niliweka maziwa jikoni nikaenda kukunja nguo. Bibi akaniita kutoka sebuleni, akasema maziwa yanaungua. Nikakimbia, nikazima, kisha nikabaki nimesimama na sufuria mkononi. Nilirudi nikamwuliza amejuaje.

"Pua yangu ni nzima," alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa umenyamaza. Ulikuwa ukija kunipima presha kama mtu anayefunga duka. Elio aliniambia umefiwa na mama. Nikaona nikikuuliza juu yake hutajibu, lakini juu ya zabibu labda utajibu."

Niliona nimechezewa. Nikaenda kuisugua ile sufuria muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Niliporudi nilimwuliza kama kuna ukungu ulionipita. Akakiri kwamba ulinipita zaidi ya mara moja, na nikishaondoka alikuwa akijikokota na fremu yake kwenda kuutoa. Nikacheka, na kicheko kikageuka kilio, Dada, kile ambacho sikulia makaratasi ya uhamiaji yaliponizuia kusafiri kuja kumzika Mama.

Ulipotaka kunisimulia mazishi, nilikwambia niko zamu. Sikuwa zamu. Sasa nataka kujua yote. Mlimvika nini? Nani alianzisha wimbo? Mvua ilinyesha, au jua liliwaka? Na palipokuwa pangu pale kaburini, kati yako na Baba, nani alisimama?

Msalimie Baba, umwambie namwombea. Bibi Loredana naye anawasalimu, ingawa hamjuani.

Mdogo wako akupendaye,
Cherotich