Kwa Binti Yangu wa Shule ya Kutwa

Mpendwa binti yangu Tusekile,

Bwana akulinde popote barua hii itakapokukuta, iwe jikoni kwa shangazi yako au ndani ya basi la kwenda shule. Mimi ni mzima. Nimetoka kanisani sasa hivi, viatu nimevua, chai iko mezani. Nimeona niandike badala ya kupiga simu, kwa sababu kwenye simu nitalia, wewe utaanza kunibembeleza, na neno lenyewe halitasemwa. Tena naiandika wazi. Nitaituma kwenye kundi letu la kina mama wasome wote, maana wote wananiuliza swali moja: karatasi za mtoto zimetoka, mbona haji?

Kwa wasiojua, nieleze kidogo. Baba yako alipofariki kule Uingereza tulibaki mimi na wewe nyumbani kwa shangazi yako, dada yake marehemu. Mjomba wako wa hapa Mesquite alikuwa ameniombea karatasi za kuhamia Marekani zamani sana, hata tukasahau. Zikatoka. Zangu zikasema njoo, zako zikasema ngoja. Na wakati huohuo ukawa umefaulu mtihani wa kuingia ile shule ya wasichana, na wenyewe wakakusamehe ada karibu yote. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilikusuka jikoni mistari midogo midogo ili ikae muda mrefu, na wewe ukaniambia, "Nenda tu, mama. Shangazi anajua kupika." Ulisema hivyo huku umeshika ncha ya kanga yangu.

Bibi yako wa Tukuyu ndiye aliyenichekesha siku zile. Nilimpigia kumweleza kwamba umepata shule nzuri, ya wasichana watupu, ya kutwa.

"Ya kutwa?"

"Ndiyo, mama. Jioni anarudi nyumbani."

"Yaani mtoto amevuka bahari yote hiyo akasome kutwa? Si angebaki hapa. Kutwa tunayo, iko nyuma ya soko."

Kwetu mtoto mwenye akili hupelekwa bweni na sanduku la bati na ndoo yake. Nilimweleza kwamba huko kutwa si aibu, hata watoto wa madaktari wanarudi nyumbani jioni. Akasema sawa, amenielewa. Baadaye nikasikia kwamba majirani amewaambia uko bweni.

Mimi nami nilikuwa na ushamba wangu. Shule yangu ilikwisha darasa la saba, na shule ninayoijua ina jambo moja kubwa: umekuwa wa ngapi? Muhula wako wa kwanza ulipofungwa, shangazi yako alinitumia ripoti. Kurasa na kurasa za maneno. Tusekile anauliza maswali mazuri, Tusekile asaidie zaidi wakati wa kusafisha vifaa vya maabara. Nilitafuta namba mpaka macho yakauma.

"Maneno nimeyaona," nikakwambia. "Umekuwa wa ngapi?"

"Hawasemi, mama."

"Hawamwambii nani? Mimi ni mzazi."

Ukasema, "Wa tatu."

Moyo wangu ulijaa. Jumapili ile nilitoka mbele kutoa sadaka ya shukrani, mchungaji akatangaza kwamba binti wa dada yetu amekuwa wa tatu Uingereza nzima, nami sikumsahihisha. Mama Furaha, yule Mkongo wa Haltom City, alipiga vigelegele mpaka mtoto aliyelala mgongoni mwake akaamka. Muhula uliofuata ukawa wa pili. Nikatoka tena mbele.

Halafu kikaja kile kikao cha wazazi, cha kuonana na walimu kwenye simu. Nilikuwa kazini, chumba cha kufulia cha nyumba ya kutunzia wazee, nimesimama kati ya mashuka nikiwa na sare yangu, nikamshukuru mwalimu wako kwa Kiingereza nilichokiandaa usiku kucha. Nilimshukuru hasa kwa ile nafasi ya pili. Yule mama akatabasamu kwa heshima, akasema hapo kwao wasichana hawapangwi namba, hawajawahi kupangwa. Wewe ukainamisha kichwa mezani. Shangazi yako akapatwa na kikohozi kirefu ambacho hakikuwa kikohozi.

Kesho yake nilikuuliza kwa nini. Ukasema, "Ulikuwa unataka kushukuru, mama. Nikaona nikupe cha kushukuria."

"Na muhula huu ungekuwa wa ngapi?"

"Wa kwanza. Nilikuwa nakupandisha taratibu usishtuke."

Nilitaka kukugombeza, nikashindwa kwa kucheka. Kanisani sikurudi kusahihisha. Wanaosoma hapa ndio wanajua leo, na Mungu alipokea zile shukrani, maana cha kushukuru kilikuwepo, namba tu ndiyo haikuwepo.

Tangu siku ile nikaacha kuuliza wa ngapi. Lakini mzazi lazima aulize kitu. Ndipo nikakwambia, basi nifundishe ulichofundishwa leo. Mapumziko yangu ya asubuhi ni jioni yako, umerudi tu nyumbani, mara nyingine bado una soksi za mpira wa magongo zenye matope. Nilikuwa nakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nyuma ya mashine, simu sikioni, wewe unafundisha. Ulinifundisha kwamba sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta, ndiyo maana inaweza kuyaburuta mafuta kutoka kwenye nguo. Miaka yote ninafua, hakuna aliyewahi kuniambia. Nilirudi kwenye mashine nikalitazama povu kwa adabu. Siku nyingine ulinisomea Baba Yetu kwa Kilatini, nikaitikia amina kabla hujafika mwisho. Ukasema, "Bado, mama, tuko kwenye mkate."

Mambo ya shule yako mengine yalinishangaza, sikukwambia. Ile michezo ya kuigiza, wewe mfalme, ndevu za pamba zinakudondoka. Nikauliza nani alibeba viti na kupanda ngazi kufunga taa, kwa kuwa hakuna wavulana. Ukanitazama kama vile nimeuliza nani aliwasaidia kupumua.

"Sisi," ukasema.

Nimelifikiria lile neno siku nyingi. Nilisikia sauti ileile uliponieleza kwamba miaka miwili ya mwisho mnachagua masomo matatu tu. Nilidhani wamewapunja. Ukaniambia, "Si kwamba ni machache, mama. Ni kwamba unaingia ndani mpaka mwisho." Umechagua Kemia, Historia na hicho Kilatini cha watu waliokwisha kufa.

Na ndipo mwaka huu karatasi zako zikatoka.

Nilikuandalia chumba. Pazia la njano, kitanda, meza ya kusomea. Ulipokuja Pasaka kutembea ulilala humo, asubuhi ukakitandika vizuri kama mgeni. Tulipita kuitazama shule ya hapa, kubwa, ina uwanja wa mpira kama kijiji kizima, na watoto wake wana furaha, sina la kuisema vibaya. Wakili alitueleza kwamba njia zipo mbili: uje moja kwa moja, au ukishaingia tukuombee ruhusa urudi kumaliza hiyo miaka miwili. Nikakuona unavyomsikiliza. Ulikuwa unasikiliza ya pili.

Tukiwa garini kutoka Fort Worth kwa wakili nilikuuliza waziwazi. "Mwanangu, unataka kuja au kubaki?"

Ukatazama malori. "Wewe unataka nini?"

"Nimekuuliza wewe."

"Nikisema nabaki nitakuwa nimekuacha. Nikisema nakuja nitakuwa nimeacha kitu katikati." Hayo uliyasema kwa Kiingereza. Halafu ukageukia Kiswahili, taratibu, kama mtu anayevuka daraja la miti. "Usinichaguze, mama. Sema wewe. Mimi nitatii."

Nikashika usukani mpaka Mesquite.

Tangu urudi nimefunga, nimeomba. Sauti sikusikia. Nikamweleza Mama Furaha tukiwa tunachambua sombe, kisamvu cha kwao, nyumbani kwake, maana yeye hana maneno ya kuzunguka.

"Weye unapenda mtoto asome ao unapenda mtoto wa kukaa naye?"

"Napenda vyote viwili."

"Bon. Vyote viwili havipo. Miye wangu iko hapa kwa nyumba kila siku, hanisemeshe, anasemesha simu. Wako iko mbali na anakufundisha mpaka mambo ya sabuni."

Ukweli ni kwamba nakutaka hapa, Tusekile. Nataka nikusikie unafungua friji. Nataka nikukemee kwa sababu ya taa uliyoiacha inawaka. Nimekosa kukusuka miaka mitano, na nywele zako sasa anazijua mtu mwingine. Sitakuficha, wala sitawaficha hawa wanaosoma. Lakini ulipokuwa unamsikiliza wakili nilikuona vile ninavyokusikia kwenye simu unapofika mahali unapopapenda: sauti inashuka, unasahau kwamba mimi sijui. Mtoto aliye hivyo hang'olewi katikati.

Basi sikia. Ubaki. Kiangazi utakuja kuingia nchini kwa karatasi zako, tutafuata mambo ya wakili, na shule ikifunguliwa utarudi kwa shangazi yako ukamalize. Mwambie nimesema asante, na aendelee kukukaza kuhusu kwenda kanisani, maana najua Jumapili unapenda kulala.

Na hili uliweke moyoni. Huu uamuzi si wako, ni wangu. Hukuniacha. Mtu akikuuliza, wa huku au wa huko, leo au ukiwa mtu mzima, kwa nini karatasi zilitoka na hukuja kukaa na mama yako, usijitetee na usilie. Mwambie, "Nilikuwa tayari kwenda, mama ndiye aliyekataa."

Ni mimi niliyekataa,
Mama yako.