Matokeo Uliyoyangoja, Baba

Mpendwa Baba,

Kuna jambo nililokuficha, na nimepata ujasiri wa kulisema sasa tu, wakati huwezi kunijibu. Nalisema hadharani kwa sababu waliokudharau walikudharau hadharani.

Nakumbuka asubuhi uliyonipigia simu nikiwa Kawangware, nikiwavalisha wanangu sare. Ulikuwa ukicheka hata kabla ya kunisalimu. “Mwaitu, wametuchagua!” Ndivyo ulivyoniita tangu utotoni, yaani mama kwa Kikamba, kana kwamba mimi ndiye niliyekuzaa, kwa kuwa nilipewa jina la mama yako. Shule ya mabati uliyokuwa ukifundisha kule mtaani Soweto West ilikuwa imeteuliwa pamoja na nyingine chache, ili wanafunzi wake wafanye mtihani wa kimataifa wa hisabati na sayansi, ule ambao watoto wa nchi nyingi hufanya.

Wiki zile ulikuwa kama kijana. Uliwafundisha kupima kwa chochote ulichopata: kamba ya kuanikia nguo, makopo ya rangi, mizani uliyoazima kwa muuza makaa wa mtaa jirani wa Silanga. Jumamosi moja nilikuja nikakuta watoto wamejazana kwenye kichochoro wakipima kivuli cha mlingoti wa stima. Atieno, yule msichana wa gredi ya nane ambaye maswali hayakumwishia, alikuuliza, “Ticha, kwani huko ng’ambo pia wanapima hivi?”

“Kivuli ni kivuli,” ulimjibu. “Matokeo yakija tutajua kama wanatushinda.”

Uliwaahidi hivyo, nao wakaamini, kwa sababu wewe mwenyewe uliamini.

Mtihani ukafanywa, wageni wakafunga karatasi zao wakaenda. Muhula ukaisha. Mwaka ukaisha.

Ulijua mimi ni karani katika ofisi ya serikali iliyosimamia mtihani ule. Usichojua ni kwamba ripoti ilipofika, mimi ndiye niliyeitoa nakala na kumpelekea mkubwa wangu. Aliipekua akiwa amesimama, kisha akaifungia kwenye kabati la chuma.

“Hii haitoki hapa,” alisema. “Tutachekwa. Na wewe hukuiona, sawa?”

Nikasema, “Sawa.”

Ulipouliza, nilikwambia bado wanasahihisha. Ukauliza tena baada ya Pasaka, nikasema bado. Wewe ukalibeba neno langu mpaka kwenye mkutano wa wazazi, na pale Mama Nekesa, mwenye wajukuu watatu shuleni, akasimama akakwambia, “Mwalimu, si useme tu ukweli. Watoto walianguka na unaona haya.” Watu wakacheka. Wengine wakaanza kuwahamisha watoto wao. Haya yote niliyasikia kwa watu, si kwako.

Siku ninayoijutia zaidi ni ile uliyokuja ofisini. Ulivaa koti la kanisani, umeshika barua uliyoiandika kwa mkono. Askari wa langoni alikukalisha kwenye benchi la mapokezi. Nilikuona kupitia mlango uliokuwa wazi nusu, na kwa saa nzima nikabaki kwenye kiti changu nikipanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa. Nilipotoka, nilikupa mkono kama mtu nisiyemjua.

“Mkubwa hayuko, Baba. Acha tu barua.”

Ulishusha sauti ili wenzangu wasisikie. Ulidhani wewe ndiye unayenitia aibu. “Mwaitu, sitafuti sifa. Nataka kujua tu ni wapi hawakuelewa, niwarudie kabla hawajaondoka kwangu.”

Barua ile niliipiga muhuri mwenyewe, nikaitia kwenye faili ambalo halifunguliwi.

Baba, ripoti haikutaja shule yako. Haikutaja shule yoyote. Iliwazungumzia watoto wa nchi nzima: kwamba kukokotoa wanajua, lakini wakiulizwa waeleze kwa nini, wengi huacha pengo; kwamba grafu zinawashinda; kwamba sayansi wanaikariri bila kuigusa. Ungeisoma Ijumaa, na Jumatatu ungeingia darasani na grafu. Badala yake ulitumia mwaka mzima ukirudia sehemu na desimali, vitu ambavyo watoto wako walishavijua, ukidhani ndipo ulipokosea.

Ulipolazwa hospitalini, nilikuja alasiri moja nimeamua kusema. Ulikuwa umelala, mdomo wazi kidogo. Nikajiambia, kesho. Kesho yake nilikuta nesi anatandika kitanda chako upya.

Tulipokuzika Machakos, Atieno alikuwepo. Alinisogelea akiwa bado na udongo mikononi. “Auntie, kwani sisi tulifeli?” Nilimwambia hapana, na hapo ndipo nikashindwa kuendelea kuishi na lile “sawa” langu. Niliandika ombi rasmi la kutaka ripoti itolewe, kwa jina langu kamili, kama raia yeyote anavyoruhusiwa na sheria. Mkubwa hakunigombeza. Alinihamishia stoo tu.

Jumamosi iliyopita nilienda kwenye mkutano wa wazazi nikawaeleza yote. Mama Nekesa ndiye aliyeinuka.

“Tulimwambia yule mzee maneno mabaya sana,” alisema. “Na wewe ulikuwa unajua?”

“Nilikuwa najua.”

“Akiwa hai?”

“Akiwa hai.”

Akakaa. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, Baba, na ningeshukuru. Lakini hakuna aliyenitukana. Atieno, aliyekuwa amekuja na wanafunzi wenzake, akanyoosha mkono na kuuliza hiyo barua ya ombi huandikwaje, kwa sababu na wao wanataka kuandika. Tukaandika. Mama Nekesa hajui kuandika. Alinitajia maneno yake, nami nikayaandika jinsi alivyoyasema, bila kupunguza kitu.

Ofisi haijajibu. Huenda ikajibu, huenda isijibu. Likija, jibu hilo litawafaa watoto walioko madarasani leo, na kwa hilo nitaendelea kuuliza. Lakini mtu aliyelihitaji kuliko wote aliniuliza mimi, tena mara nyingi, kwa upole, nami nilikuwa nalo.

Pumzika, Baba. Hukukosea popote.

Mimi, binti yako mkubwa,
Kawangware