Shoka la Bwana Evariste

Likasi, Jumapili

Kwako yaya wangu, kaka yangu mkubwa Placide,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe, mke wako na watoto. Je, vumbi la Kolwezi limewaacha salama? Sisi tuko. Mama bado anawahi misa ya kwanza na bado anagombana na wanakwaya. Baba anakula, anaongea, ila mkono wake wa kuume haujarudi tangu ule ugonjwa umwangushe.

Unajua karakana ya Baba ya uhunzi ilifungwa. Kila aliyeuliza, Baba alimjibu kwamba anakungojea wewe urudi uiendeshe. Lakini Bwana Evariste, mchoma makaa wa kule Lufira, alikuwa ameagiza shoka kabla ya ugonjwa, na ahadi ni deni. Baba akaona haya hata kukaa uani, mteja huyo asije akapita na kumwona.

Nikamwomba anifundishe. Alikataa kwa ukali: kwa mababu zake mwanamke hasogelei moto wa chuma. Ndipo Mama, ambaye nyumbani hapandishi sauti, akamwambia, "Uko na batoto babiri, haiko mumoja." Asubuhi Baba akaniomba nimtolee kiti hadi karakanani.

Yaya, chuma ni kiburi. Nilifua resore, yaani springi ya lori, juu ya kile kipande cha reli, fuawe letu, Baba akinielekeza kwa mkono wa kushoto. Shoka la kwanza lilipasuka majini, maana nililipasha moto kupita kiasi. Nikalia. Baba hakunibembeleza; alisema tu nichague kipande kingine. La pili lilitoka majini zima. Nikautia moto mkia wake, ile ncha nyembamba ya nyuma, nikaupenyeza kwenye kichwa cha mpini, na moshi ukatutoa machozi sote wawili.

Bwana Evariste alilijaribu kwenye gogo, akauliza fundi ni nani. Nilijua Baba atataja jina lako, na ningekubali. Lakini Baba akasema, "Ni mutoto wangu Bibiane." Akajifuta uso.

Sasa lile lililonishikisha kalamu. Siku ile ile Baba alinipa nyundo ya babu, ile aliyokuja nayo kutoka Kasai, ile uliyoahidiwa wewe. Akanituma nikuandikie kwamba hakungojei tena. Naumia kuliandika, na nimefurahi. Yote mawili ni kweli. Nyundo sitairudisha.

Ila tangu anipe nyundo hiyo, Baba ameanza kuuliza habari zako: kama unalala vizuri, kama bado unacheka kwa sauti. Zamani aliuliza tu utarudi lini.

Njoo umwone, yaya.

Mama anawabariki nyote. Wabusu watoto kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Bibiane