Mume Wangu Anachukua Maji Niliyonawia Uso

Mama Tang mpendwa, nisaidie, na ukitaka kucheka, cheka, ila unisome hadi mwisho. Mimi ni muuza krimu za uso hapa Changsha, na mume wangu, nimwite Hanlin, anasomea uzamivu chuo kikuu, kazi yake ni kuondoa kwenye maji machafu kile kihifadhi kinachotiwa kwenye krimu ili zisiote ukungu, maana tukinawa kinateremka na mifereji hadi mtoni. Dawa yake ni unga mweupe ambao ukiutia majini unalala tu, mpaka autilie chembe za chuma, hapo unaamka na kutafuna kila unachokutana nacho. Nilipelekwa kuona na kwa kweli nilipenda, kwenye maji safi ya maabara kihifadhi kilikwisha kabla chai yangu haijapoa.

Shida ilianza Mwaka Mpya, tuko mezani kwa wazazi wake, shangazi yake akamuuliza kazi yake hasa ni nini, naye akajibu, “Shangazi, mimi nazoa anachomwaga mke wangu,” meza nzima ikacheka, mama mkwe akapaliwa na pilipili, nami nikacheka nao huku moyo unaniuma, kwa sababu krimu hizo ndizo zinazotulisha tangu aanze kusoma. Wiki ileile akaniomba maji ya beseni ninalonawia uso asubuhi, anataka kujaribu maji ya watu halisi, nikamwambia chukua, na kuanzia hapo nikawa najipaka krimu mara nne ya kawaida kila ninapolala, mpaka foronya inalowa mafuta.

Sasa unga wake haufui dafu. Anaongeza chuma, matokeo yanazidi kuwa mabaya, anaongeza tena. Juzi alitazama chupa akasema, “Mke wangu, maji yako siku hizi ni supu.” Nikamjibu, “Ngozi inazeeka, bwana.” Hakucheka. Profesa wake amesema mwezi huu ukiisha bila maji halisi kusafishika, aiache mada hiyo aanze upya, na jana nilimkuta jikoni ameduwaa, akaniambia, “Labda mimi ndiye mjinga.” Mama, nimeona aibu, na uso wenyewe umejaa vipele. Nimwambie, au nipunguze krimu kimyakimya mambo yatengemae bila yeye kujua? Na kuna jambo linanisumbua hata nikiwa dukani: kihifadhi kile kikishatafunwa, kinageuka nini?

Mwenye Beseni, Changsha

*

Mwenye Beseni, nimecheka kama ulivyoniruhusu, na sasa nimemaliza.

Mumeo alikosea. Mtu anayekula kwa jasho lako hana ruhusa ya kukufanya kichekesho mbele ya ukoo wake, na una haki ya kuumia. Lakini ungemwambia siku ileile mkirudi nyumbani. Wewe ulinyamaza ukaenda kumjibu kwa beseni, na yeye maskini hajui hata kama kuna ugomvi.

Nilimuuliza jirani yangu anayefanya kazi kwenye mtambo wa kusafisha maji. Anasema mafuta yako yanaumaliza ule unga kabla haujakifikia kihifadhi, na chuma nacho kikizidi kinaugeukia unga uleule kilichotakiwa kuuamsha. Kwa hiyo wewe unaongeza, yeye anaongeza, na hakuna anayejua mwenzake anafanya nini. Mwanangu, hapo hatuzungumzii maabara tena.

Kupunguza kimyakimya sikubali. Maji yakisafishika ghafla naye hajui kwa nini, atasimama mbele ya profesa aseme uongo asioujua, na uongo huo utakuwa wako. Mwambie leo akirudi, kabla hamjala. Mweleze ulichokuwa unapaka na ni kiasi gani, usimfiche hata kijiko, kwa sababu maji hayo si ya kumwaga: akijua kilichomo, yatamwonyesha unga wake unashindwa wapi. Kuanzia kesho mpe maji ya uso wa kawaida. Atakasirika. Mwache akasirike, na usiitaje ile meza ya Mwaka Mpya mpaka amalize. Kisha sema lako, naye akuombe radhi kwa maneno kamili, si kwa kukununulia matunda.

Kuhusu kihifadhi kinageuka nini, mimi sijui, na jirani yangu alijikuna kichwa. Swali hilo umelibeba muda wote huu, ukaja kuniuliza mimi nisiyekujua, na mtu anayeweza kulijibu analala kando yako akidhani ni mjinga. Muulize yeye.