Siku Setilaiti ya Amani Iliposema

Jumamosi, Hilliard, pembeni mwa Columbus. Jua linawaka, lakini baridi haina habari nalo.

Naandika nikiwa kwenye kochi la mdogo wangu Amani, miguu juu, tumbo limejaa sombe, kisamvu chetu. Moyo umetulia kuliko siku zote za mwezi huu.

Jana nilipotoka kazini ghalani, kule Okolona, nilimpitia Mama nyumbani South End, huko huko Louisville, tukaendesha gari mpaka hapa Columbus. Dada yetu Neema naye alitaka kuja, ila kwake Buffalo theluji imefunga barabara. Basi leo alikuwa nasi kwenye simu ya video, tumemwegemeza kwenye chupa ya chai.

Tulikuja kuangalia roketi ikirushwa, kwenye televisheni.

Amani ni fundi katika karakana ya antena. Moja waliyoitengeneza imefungwa kwenye setilaiti mpya ya televisheni, itakayorusha matangazo mpaka kwetu Uvira, Kongo. Ni antena ndogo, lakini ndiyo inayoongea na wale wanaoiongoza setilaiti kutoka chini. Ikikataa, setilaiti nzima ni bubu, na hakuna wa kupanda kule juu kuirekebisha. Safari ya roketi inayoibeba ilikuwa imeshaahirishwa kwa sababu ya upepo. Tangu hapo Amani hapati usingizi.

Roketi ilipowaka moto, Mama alisimama mbele ya televisheni akainua mikono. "Mungu, ishikilie! Isianguke!"

Ikapaa. Ikawa nukta. Neema akapiga vigelegele huko Buffalo, mimi nikarukaruka kama mtoto.

Amani hakusogea.

"Bon, kuna nini tena?" Mama akamuuliza. "Si imeshapanda?"

"Imepanda, Mama. Lakini haijasema bado."

Tukangoja. Chakula kikapoa mezani. Niliogopa, sitaficha. Sikuwahi kumwona mdogo wangu vile, simu kiganjani, midomo imemkauka. Nikawaza nitamwambia nini kama ikinyamaza.



Simu ikaita. Alisikiliza, akashukuru kwa Kiingereza, akaishusha taratibu.

"Imesema," akatuambia. "Wanaisikia."

Halafu akakaa sakafuni, akalia. Mama, na magoti yake yale mabovu, akashuka akakaa kando yake, akakilaza kichwa cha Amani begani mwake. Hakuuliza lolote kuhusu antena.

"Umechoka, mutoto yangu," alimwambia. "Sasa kula."

Amekula kama mtu aliyetoka safari ya mbali. Sasa analala chumbani, mlango wazi, anakoroma. Mama ameketi karibu na mlango huo kama askari, na amekataza mtu yeyote asiwashe televisheni.

Kesho tunarudi Louisville. Kwa anavyolala huyu, na kwa Mama asivyotaka kumwamsha wala kuondoka bila kumuaga, kanisani tutachelewa.

Acha tuchelewe.