Wanawake wa Kuazima Siku ya Picha

Peelamedu,
Coimbatore.
14 Machi

Mpendwa Shangazi Visalakshi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Naomba yawe yamepoa, na wajukuu wa huko Penang wawe wanakuacha ulale mchana. Sisi huku tu wazima. Ilango anakohoa kidogo kwa vumbi, na Nila ameng'oka meno ya mbele, sasa anacheka huku ameziba mdomo.

Kwenye simu uliniuliza kama nimeshapewa uongozi wa timu. Nilibadili mazungumzo kwa sababu mama mkwe alikuwa ameketi pembeni, na sikutaka anione nikilia.

Sikupewa. Amepewa Dinakar, yule kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe. Mwaka mzima nafasi ile niliikaimu mimi. Mkurugenzi wetu, Bwana Ranganathan, aliniita akasema kwa upole, kama mtu anayenipa zawadi, "Dada Kuzhali, wewe una mtoto, una nyumba. Wateja wa Marekani wanapiga simu usiku. Sitaki kukutesa."

Nikamwambia, "Hizo simu si ndizo ninazozipokea mwaka mzima?"

Akacheka. "Ndiyo maana nasema upumzike!"

Dinakar naye ana mtoto, Shangazi, tena mchanga. Hakuna aliyemwonea huruma.

Wewe uligombana na marehemu Babu ili nisome kompyuta badala ya kuozwa. Nilipoajiriwa, wanawake tulijaza meza nzima. Mmoja alimfuata mume Chennai. Mwingine alijifungua, akarudi akakuta kiti chake kina mtu. Mwingine wakwe walikataa zamu za usiku. Katika chumba chote tumebaki mimi na Thenmozhi. Mkutanoni nikisema jambo, linapita kama sikusema. Dinakar akilirudia, wanaandika.

Sasa sikia ya Siku ya Wanawake. Wateja walitaka kujua kama kampuni ina mafundi wanawake, basi akaletwa mpiga picha, nasi tukaambiwa tuvae sari za hariri. Nilipoingia nikakuta wasichana wa mapokezi na wa uhasibu wamekalishwa mbele ya kompyuta zetu. Hata Mama Pechi anayetupikia kahawa alikuwa amepambwa maua kichwani. Akaninong'oneza, "Mwanangu, nishike wapi? Nisije nikaharibu kitu cha watu."

Wanaume wakaangua kicheko. Mimi sikuweza.

"Dada, njoo ukae katikati," akasema Bwana Ranganathan. "Wewe ndiye fundi wetu hasa."

Nikamjibu mbele ya wote, "Kama ndiye mimi, mbona cheo kimekwenda kwa mwingine?"

Dinakar akajifanya anatafuta kitu kwenye simu yake. Bwana Ranganathan akatabasamu kwa mpiga picha. "Jamani, keki inasubiri. Dada, usituharibie sherehe."

"Pigeni bila mimi."

Nikatoka, nikiamini kabisa kwamba Thenmozhi ananifuata.

Hakunifuata. Walimkalisha pale katikati, akatabasamu. Baba yake anasafishwa damu hospitali kwa bima ya kampuni, na mimi hilo nalijua. Kesho yake nikamwambia simlaumu. Ndipo akalipuka: "Unilaumu kwa lipi? Wewe una mume mwenye mshahara. Ungenifikiria kabla hujafungua mdomo wako! Sasa kila nikipita wananiuliza kama na mimi nitasusa."

Tangu hapo yeye anakula chakula chake mezani kwake, nami changu kwangu. Vijana wa ofisini wamepata utani mpya: eti tazameni, wako wawili tu na bado hawapatani, halafu wanataka kuongoza. Nilishaanza kuzoea kwamba cheo sikukipata. Hili la Thenmozhi siwezi kulizoea.

Ilango anasema niache kazi, eti mshahara wake unatosha. Nimekataa. Nikiondoka, Thenmozhi atabaki peke yake mle ndani.

Juzi nilikuwa namsuka Nila, akaniambia akiwa mkubwa atafanya kazi kama yangu. Nikaendelea kumsuka.

Nisalimie sana Mjomba Sokkalingam na Dada Poongodi, na hao watoto wote wasiotulia. Mama anakusalimu, anasema hajasahau sari uliyomwahidi. Mungu wetu Murugan awalinde, awape afya na nyumba yenye amani.

Ni mimi binti yako, nikupendaye sana,

Kuzhali