Uwanja Ulipokuwa Mtaa Wetu

Nje ya Lango la Mto,
Castelvero.
9 Novemba, 1497.

Mpendwa kaka Taddeo,

Natumai barua hii inakukuta mzima huko Venisi, na kwamba kile kikohozi cha majira ya baridi hakijakurudia. Wifi yangu hajambo? Sisi tunapumua. Mume wangu Vanni bado anaoka mikate. Watoto homa haziwaishi, maana huku tulikohamia maji ya mto hayako mbali na kitanda.

Kaka, keti kwanza. Mama yetu ametutoka wiki iliyopita, na tumeshamzika. Nakueleza yote mwenyewe ili usije ukayasikia kwa wapita njia.

Ulipoondoka, Mtawala wetu alikuwa ameanza kulalamika kwamba mji umejipinda kama matumbo ya mbuzi. Basi alimleta fundi mkuu kutoka Firenze, jina lake Leonello, mtu mpole, msomaji wa vitabu vya Warumi wa kale. Akatengeneza mfano wa mji kwa mbao, ukawekwa kanisani tuutazame: barabara moja iliyonyooka kutoka langoni hadi kwenye kasri, na katikati uwanja wa mraba wenye matao pande zote. Vanni akamwuliza nyumba yetu iko wapi. Leonello akaweka kidole katikati ya uwanja.

"Hapa," alisema. "Mtu akisimama hapa, akitupa jicho mara moja tu, ataona mji mzima."

Mama alizipapasa zile mbao kwa vidole, maana macho yake unayajua. Akauliza, "Mbona hamna kona?"

Walibomoa mtaa wote kiangazi kilichofuata. Sisi waokaji, pamoja na watia rangi nguo, tukapewa viwanja huku nje, kwa kuwa moshi na harufu havifai karibu na matao. Nisikufiche, uwanja ni mzuri. Asubuhi jua likipiga yale mawe meupe, hata mimi niliyeulilia mtaa husimama nikatazama.

Lakini Mama alikuwa akitembea kwa kuta. Ukuta wa mhunzi wenye joto, ukuta wa Shangazi Bartola wenye ukoga, kisha kisima, kisha kanisa. Hakuwahi kushikwa mkono na mtu. Tangu tuhame nilikuwa namsindikiza kwenye misa, naye ananung'unika njia nzima kwamba namfanya mtoto.

Siku ya msiba nilikuwa kwenye tanuri. Mama akachukua fimbo yake, akaenda misa peke yake. Fiammetta, yule mjane muuza mishumaa, alikuwa chini ya matao. Alimwona amesimama katikati ya uwanja, mkono kaunyoosha mbele, hana cha kugusa, anageuka huku, anageuka kule. Akamwita, "Mama Piera, njoo huku kwangu!" Ila sauti iligonga matao ikarudi kutoka kila upande, na Mama akaufuata mwangwi, akaingia barabarani. Wageni wa Mtawala walikuwa wanateremka kutoka kasri, farasi wao mbio. Zamani nani angekimbiza farasi katika vichochoro vyetu?

Farasi walimkumba. Hakukaa sana. Fiammetta alimpakata kichwa. Mama alimwuliza tu, "Hapa ni wapi?"

Leonello alikuja mazishini, kofia mkononi, macho mekundu. Akamwuliza Vanni afanye nini. Vanni akamwambia asimamishe nguzo fupi za mawe kukatiza uwanja hadi mlango wa kanisa, ili asiyeona apate cha kushika. Leonello akaahidi kumwomba Mtawala.

Jana alirudi. Hakutaka kuingia ndani.

"Nimekataliwa," alisema. "Wanasema zitaharibu mandhari ukitazama kutoka roshani ya kasri."

"Na wewe mwenyewe, bwana, unaonaje?" Vanni akamwuliza.

Alitazama upande wa uwanja. Kisha akasema, "Ni kweli. Zitaharibu."

Vanni akafunga mlango, akarudi kukanda unga.

Ukija Pasaka, kaka, usipitie lango kuu. Zunguka kwa mtoni, uliza tanuri ya Vanni. Kaburi la Mama liko nyuma ya nyumba yetu.

Msalimie wifi, na Mjomba Corso kama bado yuko bandarini. Shangazi Bartola anakusalimu. Hasemi sana siku hizi. Mungu akulinde huko uliko, na akupe usingizi baada ya kuyasoma haya.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Orsina